Moto Bwenini: Kwa Nini Mwanafunzi Huidhuru Shule Yake

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, lililosomwa redioni kwa ajili ya darasa la Vudee, milima ya Upare

Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kila mtu ana karatasi yake mkononi. Wale ambao bado wanasoma polepole wasione haya. Nitasema taratibu, nanyi mfuate kwa kidole.

Darasa la Vudee limeuliza swali. Limesikia habari za Marekani, kwamba mwanafunzi huchukua bunduki, akaingia shuleni, akawaua wenzake na walimu wake. Likauliza: mtoto hufikaje hapo? Na je, kwetu jambo la namna hiyo lipo?

Nitajibu lile la pili kwanza. Lipo. Ila kwetu Afrika ya Mashariki mara nyingi halikuja na bunduki. Lilikuja na kiberiti. Kwa hiyo somo la leo litakuwa zaidi habari za moto, na habari nyingi zitatoka kwa jirani zetu wa Kenya, kwa sababu huko ndiko jambo hili lilikotokea mara nyingi, na ndiko watu walikolichunguza kwa miaka mingi. Si kwamba watoto wa Kenya ni wabaya kuliko wetu. Tutaona baadaye kwamba hata katika mkoa wetu wa Kilimanjaro kuna makaburi ya namna hii.

Lakini kwanza Marekani, kwa kifupi, maana ndiko swali lilikotoka.

Tarehe 20 Aprili 1999, katika shule ya Columbine, jimbo la Colorado, wanafunzi wawili waliwapiga risasi wenzao. Siku ile walikufa wanafunzi 12 na mwalimu mmoja, kisha wale wawili wakajiua wenyewe. Nchi nzima ilishtuka. Serikali ikawaagiza wachunguzi wakusanye habari za mashambulio yote ya aina hiyo yaliyofanywa na wanafunzi tangu 1974 hadi 2000. Walipata mashambulio 37. Mwaka 2002 wakatoa taarifa yao.

Watu wengi walitazamia kwamba taarifa ile ingewapa sura ya mtoto muuaji: ni mtoto wa namna gani, wa nyumba ya namna gani, mwenye akili au mjinga, tajiri au maskini. Wachunguzi hawakuipata sura hiyo. Wengine walikuwa wanafunzi wazuri, wengine wabaya. Wengine walikuwa na rafiki, wengine wapweke. Jambo hili ni la kushika, kwa sababu sisi wazazi hupenda kusema, "Mtoto wangu si wa namna hiyo." Hakuna namna hiyo.

Waliyoyapata ni mambo mengine, nami nitayataja matatu. La kwanza: watoto wengi kati ya wale walikuwa wameonewa na wenzao kwa muda mrefu kabla ya siku ile, wakapigwa, wakachekwa, wakatengwa. La pili: wengi walipata bunduki nyumbani kwao au kwa ndugu zao. La tatu ndilo lililonishangaza mimi. Katika mashambulio 37, kulikuwa na 30 hivi ambamo mtu mwingine alijua kabla. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mwanafunzi mwenzake. Alijua, akanyamaza.

(Hapa mwalimu wa darasa asimamishe kidogo. Kila mtu aandike kwenye karatasi: 37, na chini yake 30.)

Sasa turudi kwetu.

Katika historia ya shule za Kenya, mgomo wa kwanza unaotajwa ni wa Maseno, mwaka 1908. Shule ya Maseno ilikuwa ya misheni ya Kiingereza, karibu na Ziwa Viktoria. Wavulana waligoma kwa sababu walikuwa wakifanyishwa kazi za mikono mno, nao walitaka kusoma. Hawakumwua mtu. Walikataa tu. Ninataja habari hii ili muone kwamba kugoma shuleni si jambo la vijana wa siku hizi, wala halikuletwa na simu wala na sinema. Lina umri wa zaidi ya miaka 100. Babu zetu waliosoma chini ya wamisheni waliyajua mambo hayo vizuri, ingawa hawakupenda kuwasimulia wajukuu.

Kilichobadilika ni namna ya kugoma. Kwa muda mrefu mgomo wa wanafunzi ulikuwa kususia chakula, au kutoka nje ya darasa, au kutembea kwa miguu mpaka kwa afisa wa elimu. Baadaye ukawa kuvunja madirisha. Halafu, kuelekea mwisho wa karne iliyopita, ukawa ni kuua.

Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya Mtakatifu Kizito, huko Tigania, Meru, wavulana waligoma. Chanzo kilikuwa kidogo: shule haikulipa fedha za kushiriki katika mashindano ya michezo. Wasichana wa shule hiyo walikataa kuingia katika mgomo. Usiku wavulana wakavamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa, na wengine 71 walinajisiwa. Ndugu zangu, sitaongeza neno hapo, ila hili: wasichana wale walikufa kwa kosa la kusema hapana.

Machi 1998, katika shule ya wasichana ya Bombolulu, wilaya ya Kwale, pwani, moto uliwaka bwenini usiku. Wasichana 26 waliteketea. Madirisha yalikuwa na nondo, na hawakuweza kutoka. Mwaka uliofuata, 1999, katika shule ya sekondari ya Nyeri, wanafunzi waliwafungia viranja wanne katika vyumba vyao wakiwa wamelala, wakawamwagia petroli na kuwasha. Wote wanne walikufa. Kiranja, kama mjuavyo, ni mwanafunzi aliyewekwa kuwasimamia wenzake. Basi waliouawa pale walikuwa wanafunzi kama wale waliowaua, tofauti yao ni kwamba walikuwa wamepewa madaraka.

Halafu ikaja Kyanguli. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ukiielewa Kyanguli umeelewa karibu mambo yote ya somo hili.

Kyanguli ni shule ya sekondari katika nchi ya Wakamba, Machakos. Nchi yao na yetu zafanana kidogo: kuna milima, kuna ukame chini yake, na kuna watu wanaouza mbuzi ili mtoto asome. Mwaka 2001 wanafunzi wa pale walikuwa na manung'uniko. Matokeo ya mtihani wa mwaka uliotangulia yalikuwa yamefutwa kwa tuhuma za udanganyifu. Kulikuwa pia na manung'uniko juu ya ada. Hebu fikirini: mtoto amesoma miaka minne, baba yake amemaliza mifugo, kisha anaambiwa kwamba mtihani wa shule yake si kitu. Hasira ilikuwapo, na hasira yenyewe haikuwa ya bure.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi, bweni lilimwagiwa petroli likawashwa moto. Ndani walikuwamo wavulana zaidi ya 100, wamelala vitanda vya ghorofa, vimesongamana. Bweni lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa umefungwa. Madirisha yalikuwa na nondo. Wote wakakimbilia mlango mmoja uliobaki. Wavulana 67 walikufa. Wengi hawakuweza kutambuliwa na wazazi wao, wakazikwa pamoja katika kaburi moja pale pale shuleni. Wavulana wawili walishtakiwa kwa mauaji.

Sasa hesabuni mikono iliyowaua wale 67. Kuna mkono uliowasha kiberiti. Huo wa kwanza, nao hauna udhuru. Mtu anayemwaga petroli pale walipolala watu anajua anachofanya. Lakini kuna mkono uliofunga mlango wa pili. Kuna mkono uliotia nondo madirishani ukisema ni kwa ajili ya wezi. Kuna mkono uliopokea wanafunzi wengi kuliko vitanda. Na mikono hii mingine haikuwa ya watoto. Ilikuwa ya watu wazima kama mimi na ninyi.

Juu ya godoro nawaambieni jambo moja la kisayansi. Magodoro ya siku hizi ni ya sponji. Sponji likishika moto halisubiri. Hutoa moshi mweusi wenye sumu, na moshi huo humwangusha mtu kabla moto haujamfikia. Bweni lililojaa magodoro hugeuka tanuri kwa dakika chache tu. Kwa hiyo mlango uliofungwa hata kwa muda wa kutafuta ufunguo ni mlango uliofungwa kabisa.

Baada ya Kyanguli serikali ya Kenya iliunda tume, mwenyekiti wake akiwa Bibi Naomy Wangai, kuchunguza nidhamu na machafuko katika shule za sekondari. Tume ilizunguka nchi nzima ikasikiliza walimu, wazazi na wanafunzi. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa kitabu cha kanuni za usalama wa shule. Nitawasomea baadhi ya kanuni zake baadaye, maana ni nzuri na ni rahisi.

Lakini moto haukukoma. Katika mwaka 2016 peke yake, zaidi ya shule 100 ziliwaka, nyingi katika muhula wa pili. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2017 liliungua bweni la shule ya wasichana ya Moi, mjini Nairobi, wakafa wasichana 10. Mwaka 2022 mahakama ilimpa mwanafunzi mmoja kifungo cha miaka mitano. Alikuwa na umri wa miaka 14 wakati moto ulipowaka. Mahakamani ilielezwa kwamba hakutaka kuendelea kukaa katika shule ile. Na Septemba 2024, katika shule ya Hillside Endarasha, wilaya ya zamani ya Nyeri, bweni la mbao lililolaza wavulana wadogo zaidi ya 150 liliungua usiku, wakafa 21. Hao walikuwa watoto wa shule ya msingi.

(Mwalimu wa darasa asimamishe tena. Watu wapumzike.)

Sasa sababu. Watu wazima wana majibu yao tayari. Mmoja husema ni bangi. Mwingine husema ni sinema. Mwingine, na huyu yuko katika kila baraza, husema ni kwa sababu fimbo imeondolewa. Kila jibu lina chembe ya kweli. Bangi na pombe zimekutwa shuleni mara nyingi. Lakini juu ya fimbo tutazame tarehe, maana hiyo ndiyo faida ya kusoma historia. Kenya ilipiga marufuku fimbo shuleni mwaka 2001. Mtakatifu Kizito ni 1991. Bombolulu ni 1998. Nyeri ni 1999. Wakati huo fimbo ilikuwapo, tena ilitumika sana. Basi kama fimbo ingeweza kuzima moto, mioto ile isingewaka.

Tazameni pia wakati wa mwaka. Mioto mingi ya Kenya ilikuja katika muhula wa pili, mwezi wa Juni na Julai. Muhula huo ndio mrefu, na ndani yake kuna mitihani ya majaribio, ile inayofanywa kabla ya mtihani mkubwa wa taifa. Mtoto aliyelala bwenini majuma mengi, anaamshwa alfajiri, anasoma mpaka usiku, anakula maharage yale yale, na mbele yake kuna mtihani ambao familia nzima imeuwekea matumaini. Mwaka 2016 mambo yalizidi, kwa sababu kalenda ya masomo ilibadilishwa, muhula wa pili ukaongezwa, na siku za wazazi kuwatembelea watoto katika muhula wa tatu zikaondolewa. Wakubwa walikuwa na sababu zao: walitaka kuzuia wizi wa mitihani. Lakini hapana aliyewauliza wanafunzi.

Mtafiti mmoja, Bibi Elizabeth Cooper, aliwaendea wanafunzi wa Kenya wenyewe akawauliza kwa nini wanachoma shule. Maandiko yake yalitoka mwaka 2014. Wanafunzi hawakumjibu kama vichaa. Walimjibu kama watu waliopiga hesabu. Walisema kwamba ukilalamika kwa maneno, hakuna anayekusikiliza. Pengine utaadhibiwa kwa kulalamika. Lakini bweni likiwaka, mkuu wa wilaya huja siku hiyo hiyo, wazazi huja, magazeti huja, na shule hufungwa watu wakaenda nyumbani. Ni hesabu mbaya, na wengi waliowasha moto hawakukusudia kuua. Walitaka jengo liungue, si watu. Lakini waliona kwamba moto ndio lugha ambayo watu wazima wanaielewa, na ni sisi tuliowafundisha lugha hiyo, kwa kuja mbio mara baada ya moto na kutokuja kabla.

Hapa watu wa Vudee mnaweza kunielewa upesi kuliko wengine, kwa sababu ninyi mnajua ndiva. Kwa faida ya wasikilizaji wasiotoka Upare: ndiva ni bwawa dogo la kienyeji, lililochimbwa na wazee mlimani, hukusanya maji ya mto usiku, na mchana hufunguliwa yashuke mashambani kwa zamu. Kila mtu wa Vudee anajua kwamba ndiva haitaki tu ukuta imara. Inataka mtu wa kuifungua kwa wakati. Maji hayaachi kuingia kwa sababu wewe umelala. Na mnajua pia jinsi watu wa juu na watu wa chini, Vudee na Bangalala, walivyolazimika kukaa na kukubaliana juu ya mto mmoja. Shule ya bweni ni ndiva ya watoto. Manung'uniko huingia kila usiku, hata shule iwe nzuri namna gani. Shule zilizoungua mara nyingi zilikuwa na ukuta mrefu na hazikuwa na mlango wa maji.

Na tunao mfano mwingine wa kwetu. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume wa Upare walishuka kutoka milimani wakakusanyika Same, kwa Bwana Shauri, kwa sababu ya kodi iliyoitwa mbiru. Waliona kodi ile haikupimwa kwa haki. Walikaa Same wakingoja jibu, siku nyingi, na baadaye wake zao nao wakatoka kudai huko Usangi. Mwishowe mbiru ikaondolewa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wetu, ameandika habari hiyo kitabuni. Mimi naitaja kwa sababu moja tu. Wale wazee walikuwa na hasira kama ya wavulana wa Kyanguli, pengine kuizidi. Lakini walikuwa na mahali pa kuipeleka, na walikuwa watu wazima wenye wazee wenzao wa kushauriana nao. Kijana wa miaka 16 aliyefungiwa bwenini usiku hana Same ya kushukia.

Sasa labda mtu wa Vudee atasema: hayo ni ya Kenya. Nakumbusheni Shauritanga. Shauritanga ni Rombo, mkoa wetu huu huu. Juni 1994 bweni la wasichana liliungua pale usiku, wakafa wasichana 42. Na Agosti 2009, katika sekondari ya Idodi, mkoa wa Iringa, wasichana 12 walikufa bwenini; msichana mmoja alikuwa akisoma kwa mshumaa. Yule wa Idodi hakutaka kumdhuru mtu. Alitaka kusoma, na taa haikuwapo. Nimeitia habari hii katika somo makusudi. Moto wa chuki na moto wa mshumaa, vikifika kwenye mlango uliofungwa, hufanya kazi moja.

Na bunduki je? Nazo zimefika, hasa mahali ambapo bunduki ni nyingi. Oktoba 2017, huko Lokichoggio, Turkana, karibu na mpaka wa Sudan Kusini, mwanafunzi aliyekuwa amesimamishwa masomo baada ya ugomvi alirudi usiku na watu wenye bunduki, na watu kadhaa wakauawa. Katika sehemu zile bunduki hutumika kulinda ng'ombe, kwa hiyo ugomvi wa shuleni ulikuta silaha iko tayari. Garissa ni jambo jingine: tarehe 2 Aprili 2015 watu wa Al-Shabaab waliingia chuo kikuu wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Na Juni 2023, huko Mpondwe, Uganda, waasi waliotoka upande wa Kongo waliua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa bwenini. Hao ni maadui wa nje. Kinga yao ni ya askari na serikali. Leo tunasema juu ya mtoto anayeidhuru shule yake mwenyewe.

Huyo mtoto hukamata kile kilicho karibu na mkono wake. Marekani ni bunduki ya baba kabatini. Turkana ni bunduki ya zizini. Machakos ilikuwa petroli ya dukani. Waingereza walilielewa jambo hili mapema. Tarehe 13 Machi 1996, katika mji wa Dunblane, Scotland, mtu mzima aliingia shule ya msingi akaua watoto 16 na mwalimu wao. Wazazi walipeleka maombi kwa serikali, na mwaka 1997 sheria ikapiga marufuku watu binafsi kuwa na bastola. Hawakungoja kwanza wajue moyo wa binadamu una nini ndani yake. Waliondoa bastola.

Basi kwetu kuzuia kunaanzia wapi? Mimi nasema kunaanzia mlangoni, kwa sababu moyo wa mtoto ni kazi ya miaka, lakini mlango ni kazi ya siku moja ya fundi. Kanuni za Kenya za mwaka 2008 zasema hivi. Mlango wa bweni ufunguke kwa nje, uwe na upana wa futi 5, na usifungwe kutoka nje kabisa wakati watoto wamo ndani. Kuwe na mlango kila mwisho wa bweni, na mwingine wa dharura katikati. Madirisha yasiwe na nondo, yafunguke kwa nje. Kati ya kitanda na kitanda iwepo nafasi ya mita 1.2, na njia ya kupita isipungue mita 2. Idadi ya watoto ihesabiwe kila siku. Hakuna neno gumu hapo. Mzazi yeyote mwenye kamba ya kupimia anaweza kukagua. Na fundisho ni hili pia: kitabu kile kilikuwapo tangu 2008, na Endarasha ikaungua 2024. Karatasi haimfungulii mtu mlango.

Akina mama mtasema, nondo zikiondolewa wezi wataingia, na wavulana wataingia kwa wasichana. Ni hoja ya kweli, nami siibezi. Jibu lake ni mlinzi na mwalimu wa kike anayelala karibu mwenye ufunguo, na uzio wa nje. Nondo ni mlinzi asiyelipwa mshahara. Ndiyo maana shule huzipenda.

Baada ya mlango, masikio. Shule nyingi zina sanduku la maoni. Sanduku ni zuri kama mtu analifungua na kujibu mbele ya wanafunzi wote, hata kama jibu ni "hatuna fedha". Baraza la shule pia ni zuri, iwapo mwanafunzi aliyesema jana haitwi ofisini leo. Viranja wachaguliwe na wanafunzi wenzao, wala wasipewe kazi ya kupiga. Kumpa mtoto fimbo juu ya mtoto mwenzake ni kumtafutia adui usiku. Na yule mtoto anayesema, "Sitaki kukaa shule hii," asijibiwe kwa kofi wala kwa kicheko. Huenda ni uvivu. Huenda pia anaonewa na wakubwa bwenini, au ana jambo ambalo hawezi kulitaja. Hutajua mpaka uketi naye.

Na lile la tatu katika uchunguzi wa Marekani, lile la wenzake waliojua. Bweni haliungui kwa siri. Petroli hununuliwa na mtu, hubebwa na mtu, hufichwa chini ya kitanda cha mtu. Wenzake hujua. Hunyamaza kwa kuogopa kuitwa msaliti, na kwa sababu wakisema watabanwa wao kwanza kwa maswali. Mtoto wako akija likizo, usimwulize tu amepata alama ngapi. Mwulize nani analia usiku bwenini. Mwulize mlango wa pili uko wapi na ufunguo anao nani. Akikuambia siri, usikimbilie kijiweni kuitangaza kwa jina lake. Peleka habari kwa mkuu wa shule wewe mwenyewe, mtu mzima kwa mtu mzima, na umfiche mtoto.

Najua njia ya kwenda shuleni kutoka milimani ni ndefu, na nauli ni fedha. Wazazi wengi wa bweni huiona shule mara mbili tu: siku ya kumpeleka mtoto na siku ya kumchukua. Siku hizo mbili zatosha kwa kazi ninayowapa leo. Utakapompeleka mtoto muhula ujao, usiishie ofisini kulipa ada. Omba kuonyeshwa bweni. Ukikataliwa, waite wazazi wawili wengine waombe pamoja nawe. Ingia, hesabu milango, tazama kama kuna kufuli, sukuma dirisha kwa mkono.

Sasa ni wakati wa mazungumzo. Mwalimu wa darasa atauliza, nanyi mtajibu kwa zamu, akina mama waanze. Kyanguli ilikuwa na milango mingapi, na mingapi ilikuwa wazi? Katika mashambulio 37 ya Marekani, mangapi yalijulikana kabla na mtu mwingine? Kwa nini wazee wa Upare walishuka Same mwaka 1945? Na la mwisho, ambalo silijui jibu lake, ninyi mtaniandikia: hapa Vudee, mtoto mwenye neno zito moyoni humwendea nani?

Andikeni majibu kwa kalamu, kwa herufi kubwa kama bado ndizo mnazozijua, na mwalimu atayakusanya. Juma lijalo tutasoma habari za reli ya Tanga, tangu ilipofika Same. Kwaherini.